Ukienda Keko, Rudi na Jumamosi Inayofuata

Wengi wetu hapa chuoni tunaifahamu Keko kwa vitu viwili: gereza na fenicha. Ukitoka Chang'ombe kwa miguu, hata bila haraka, unafika. Barabarani wamepanga makochi, makabati na vitanda vya mninga vinavyong'aa kwa vanishi. Nyuma ya vitanda ndiko karakana zilipo, na nyuma ya karakana ndiko watu wanakoishi. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vya kupita mtu mmoja mmoja, mama anakaanga vitumbua mlangoni, na redio tatu zinaimba nyimbo tatu kwa wakati mmoja. Mimi nasoma ualimu, niko mwaka wa tatu, nina miaka 22, na kwa miaka miwili na ushee sasa nimekuwa nikienda huko karibu kila Jumamosi kukaa na vijana. Nimeombwa nieleze hapa hiyo kazi ikoje, maana kila mwaka wa kwanza wakiingia wanauliza. Nitaeleza, ila itabidi nianze na aibu yangu.

Nilianza kama wengi wanavyoanza. Tulikuwa ndio kwanza tumefika chuo, bumu la kwanza limeingia, kila mtu anatafuta kikundi cha kujiunga nacho. Kikaja kikundi cha "kuhamasisha vijana wa mitaani". Tukaenda watu kama thelathini, fulana zinafanana, spika ya kukodi, katoni za soda. Mwenzetu mmoja mwenye sauti nzuri akawaambia wasikate tamaa, elimu ni ufunguo wa maisha. Vijana wakanywa soda, wakapiga makofi, tukapiga picha. Saa nane tulikuwa tumesharudi kantini tunakula wali maharage. Nikaiweka picha WhatsApp, nikapata sifa zangu, siku ikaisha vizuri.

Kasoro ni kwamba wakati tunafungasha spika, dogo mmoja alinifuata. Alikuwa na miaka 16, nywele zimejaa vumbi la mbao, anafanya kazi ya kupiga msasa katika karakana ya jirani. Jina lake siliandiki, nitamwita Dogo tu, kama tunavyoitana. Akaniuliza: "Ticha, mtu aliyeishia kidato cha pili anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne?" Nikamwambia anaweza. Nikamweleza habari za QT, kwamba unaanza kufanya huo mtihani wa maarifa, ukifaulu ndipo unaruhusiwa kujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo ningeishia ingekuwa sawa kabisa. Lakini si unajua mtu ukishaitwa ticha, na wewe una wiki tano tu chuoni? Nikamwambia: "Nitakuja kila Jumamosi nikufundishe, na dirisha la usajili likifunguliwa tutaenda wote."

Nilienda Jumamosi saba. Kisha ukaja mwezi wa kwanza, matokeo ya test yakatoka, kozi moja nikawa nimelala vibaya. UE zinakaribia, na nyumbani mama ameshawaambia ndugu wote mwanawe yuko chuo kikuu. Hofu ya kudisco mnaijua. Nikajiambia nitaenda wiki ijayo, kisha wiki ijayo tena. Dogo alinibipu mara mbili. Niliziona zile simu zikiingia, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, nikaendelea kusoma. Kozi niliyokuwa nasoma usiku ule, naomba msicheke, ilikuwa ya saikolojia ya elimu.

Niliporudi Keko zilikuwa zimepita wiki sita na dirisha la usajili limefungwa. Nilimkuta Dogo ameinamia mguu wa meza, anasugua. Nikaanza kujieleza, UE, test, vitu vingi. Akanikatisha bila hasira:

"Poa tu ticha. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua hurudi. Huwa mnakuja."

Akaendelea kusugua. Bosi wake, mzee wa makamo mwenye karakana, alikuwa anatusikia. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi," akaitikia marahaba, akanionyesha benchi nikae. Akasema: "Mwanangu, hela ya usajili ya huyu kijana alinipa mimi nimtunzie. Kila Jumamosi alikuwa anaoga mapema, anavaa shati, anakaa hapo ulipokaa wewe anakusubiri. Wenzake wakawa wanamcheka. Kama huna nafasi, sema huna nafasi. Fundi asiye na mbao hapokei advansi."

Nilitembea hadi hosteli siku hiyo sikutamani hata kupanda bajaji.

Sasa, kilichofuata ni tabia ya mwanafunzi akiona haya: nilikwenda maktaba. Nilikuwa nataka mtu aniambie kwamba kosa langu ni dogo, nia yangu ilikuwa njema, na Jumamosi saba ni bora kuliko sifuri. Sikumpata huyo mtu.

Niliyoyakuta yametoka zaidi Marekani, ambako wamepima mambo haya kwa miaka mingi, na nayaeleza kwa sababu yalinibadilisha. Mwaka 1995 ulitoka utafiti kuhusu Big Brothers Big Sisters, shirika linalomuunganisha mtoto na mtu mzima mmoja wa kujitolea. Walichukua vijana 959 wa miaka 10 hadi 16. Nusu wakapewa watu wao, nusu wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri kwa miezi 18, kisha wakalinganishwa. Waliopata mtu walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya, na utoro wa shule ulipungua kwa karibu nusu. Angalieni, hakuna hotuba hapo wala spika. Ni mtu mmoja mzima na kijana mmoja wanaoonana mara kwa mara, wanaongea, wanacheza mpira, wanakula.

Ningeishia hapo ningefurahi. Ila mwaka 2002 watafiti wawili, Jean Grossman na Jean Rhodes, walirudi kwenye data za namna hiyo wakauliza swali jingine: je, uhusiano ukidumu muda gani? Waliodumu mwaka mzima na zaidi ndio waliofaidika sana. Walioachwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo hawakubaki pale pale walipokuwa. Walishuka. Walijiona hawana thamani kuliko mwanzo, na walijiona hawawezi masomo kuliko mwanzo. Nikahesabu miezi yangu na Dogo kwenye vidole.

Upo na mwingine wa zamani zaidi, unaotisha. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville huko Massachusetts, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana wa maeneo ya kimaskini. Walikuwa 506, wakapangwa wawili wawili wanaofanana, kisha mmoja katika kila jozi akachaguliwa kwa bahati nasibu apewe mlezi. Walezi walikuwa wanawatembelea nyumbani, wanawasaidia masomo, wanawapeleka hospitali, wengine wakapelekwa kambini wakati wa likizo. Mradi ulikwisha mwaka 1945. Miaka thelathini baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta wale wavulana, sasa watu wazima. Theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Lakini rekodi zilisema vingine: kwa mambo kadhaa, kama ulevi, magonjwa ya akili na kurudia makosa, waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao walioachwa bila msaada. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha walioumia zaidi ni wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja, ambako vijana wenye matatizo walikusanywa pamoja wakafundishana.

Mtu anaweza kusoma hayo akasema basi tukae hosteli tulale. Mimi sikuyasoma hivyo. Niliyasoma kwamba hii ni kazi kama ya daktari, ina dawa na ina dozi, na nia njema si dozi. McCord mwenyewe alitoa maelezo kadhaa ya kwa nini mambo yalikwenda mrama, mojawapo likiwa kwamba msaada uliwapandisha matarajio, kisha msaada ukaondoka, matarajio yakabaki peke yake. Shati la Jumamosi la Dogo lilikuwa hilo hilo.

Na kwa kweli hatukuhitaji kwenda Massachusetts. Waswahili wa pwani wana neno "somo". Binti akipevuka anakabidhiwa kwa somo yake, wengine husema kungwi, naye anamfunda. Siku ya harusi somo yupo, na ndoa ikiyumba somo ndiye anayeendewa. Huyo ndiye mlezi tunayemtafuta katika vitabu vya Kizungu, yupo siku zote, na hakuna somo aliyewahi kumkusanya mwari na wenzake mia uwanjani, akawahutubia nusu saa, akaondoka na picha. Jando nalo lilikuwa na makungwi wake. Sisemi turudishe kila kitu cha unyago na jando, kuna mambo humo siyaungi mkono hata kidogo. Nasema wazo la mtu mmoja kuwa "wa kwako" kwa muda mrefu si geni kwetu.

Tena Keko lipo leo hii, limevaa ovaroli. Yule fundi aliyenisema ni mlezi kuliko mimi. Anajua Dogo amekula au hajala. Anamtunzia hela. Anajua siku akichelewa ni kwa sababu ya mdogo wake anayeumwa au kwa sababu ya maskani. Kosa kubwa la sisi wasomi tukiingia uswahilini ni kudhani tunaingia mahali patupu. Tunawaona vijana "waliotelekezwa", wakati kila mmoja ana bibi, ana fundi, ana kocha wa timu ya mtaani, ana mama wa vitumbua anayempa vya jioni kwa mkopo. Siku hizi swali langu la kwanza kwa kijana ni nani anamsikiliza. Nikishamjua huyo mtu, naenda kumwamkia. Kazi yangu ni kumwongezea nguvu, kwa sababu yeye atakuwepo Keko mwaka kesho na mimi nitakuwa nimepangiwa shule mkoani.

Kwa hiyo niliporudi, kwanza niliomba msamaha kwa fundi mbele ya Dogo, kisha kwa Dogo mbele ya fundi. Halafu nikasema kitu kimoja tu: nitakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, ya kwanza na ya tatu, saa tano hadi saa saba, na wakati wa UE sitakuja, tarehe hizi hapa. Nilimwandikia kwenye kipande cha plaiwudi kwa penseli ya fundi. Dogo aliangalia kile kipande kama mtu anayeangalia tiketi ya bahati nasibu. Alichukua kama miezi minne kuniamini. Miezi hiyo minne sikufundisha kitu cha maana. Nilikaa. Nilishika ncha ya pili ya mbao. Nilipiga msasa vibaya, wakanicheka, nikafagia.

Mwanzoni niliona napoteza muda, kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe. Darasani mwanafunzi amefungwa na ratiba, kengele na kiboko, hata asipokupenda atakaa. Mtaani kijana hafungwi na chochote, akikuchoka anaondoka. Huna mtihani wa kumtishia nao wala cheti cha kumpa. Una uhusiano tu, na uhusiano unajengwa na mambo madogo yanayorudiwa: kufika saa uliyosema, kukumbuka mdogo wake alikuwa anaumwa, kutomcheka mbele za wenzake.

Mwezi wa tano hivi ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya soda: "Wewe mwenyewe unataka nini?" Nilikuwa nimeamua kwa niaba yake kwamba anataka QT, kidato cha nne, cha sita, chuo. Yaani nilikuwa nataka awe mimi. Akajikuna kichwa, akasema anataka kujua kuandika makadirio. Mteja akija anataka kitanda, fundi ndiye anayekaa anapiga hesabu, mbao ngapi, gundi, misumari, vanishi, ufundi, jumla. Anayejua kuandika karatasi ile ndiye fundi, wengine wote ni saidia fundi. QT anaitaka, akasema, lakini mama ndiye anayeitaka zaidi.

Basi tukafanya hesabu za kitanda. Nikaja na maarifa yangu ya chuo. Kitanda cha futi tano kwa sita, mbao za pembeni mbili za futi sita, ubao dukani una futi 12, gawanya kwa sita, unapata mbili, nunua ubao mmoja. Dogo akaniangalia kwa huruma. "Ticha, hiyo mbao ya pembeni inaingia ndani ya mguu huku na huku. Godoro lenyewe ni futi sita. Na msumeno nao unakula." Kwa hiyo kila upande unahitaji zaidi ya futi sita, ubao wa futi 12 hautoi vipande viwili, unanunua mbao mbili na vinavyobaki unavifanyia kazi nyingine. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwenye karatasi, na kitanda kisingesimama. Kuanzia hapo tulifundishana. Mimi nilileta sehemu, asilimia na namna ya kupanga karatasi, yeye akaleta mbao. Vygotsky tunamkariri kwa ajili ya UE, lile eneo la ukuaji ambalo mtoto anafika kwa kushikwa mkono na anayejua zaidi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mkono unaoshikwa unaweza kuwa wa kwangu.

Kuna mambo mengine nitayasema haraka kwa sababu hayana utamu ila yanaharibu watu. Usiingie mtaani bila kupita ofisi ya serikali ya mtaa na barua ya utambulisho, na mjumbe wa eneo akujue sura. Ni adabu, na siku likitokea lolote ndio watakaosema wewe ni nani. Kijana aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hata kama ana ndevu na anakushinda kimo, kwa hiyo mzazi au mlezi wake lazima ajue anakaa na nani. Mkutane mahali pa wazi. Mimi mvulana simlei binti peke yangu gheto wala kichochoroni, wapo wenzangu wasichana kwa kazi hiyo na wanaiweza vizuri, ila siku zote hawatoshi. Akikwambia anapigwa, anaingiliwa, au nyumbani kuna jambo zito, wewe si polisi wala si daktari. Usimuahidi kutunza siri ambayo itamuua. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna namba 116 ya simu kwa mtoto. Mwenye ndugu anayetumia heroini, hospitali ya Temeke wana kliniki ya methadoni.

Pesa ni habari nyingine. "Ticha niazime buku mbili." Utasikia hiyo kabla ya mwezi kuisha, na bumu likiwa limeingia utaona aibu kukataa. Nilitoa mara tatu. Mara ya nne nilikuwa sina kweli, na Jumamosi ile vijana wawili hawakuja. Nikajua nimegeuka kuwa kimashine cha kutolea hela. Siku hizi nanunua vitumbua vya wote, tunakula pamoja, na mkopo hapana. Walininunia wiki moja wakazoea.

Halafu kuna jina. Mwanzoni mwa mwaka 2015, na tena Septemba 2022, jiji zima lilikuwa linaongelea Panya Road, yale makundi ya vijana wenye mapanga. Ile ya pili nilikuwa bado sekondari, ila vijana wa Keko wanaikumbuka kwa namna yao. Wanakwambia ilikuwa ukikaa watatu ukutani saa mbili usiku, unaulizwa. Sitetei waliokata watu mapanga, walioumizwa ni majirani zetu. Ila nimeona kinachotokea mtu mwenye miaka 15 akiitwa mhalifu kwa sababu ya mtaa anaotoka. Kuna siku nilikuja na mwenzangu mgeni, akawasalimia vijana kwa kuwaambia tumekuja "kuwaokoa na uhalifu". Mmoja akamjibu: "Bro, mimi napiga msasa." Kumwita kijana kwa tatizo ambalo hana ni kumfungulia mlango wake. Ndiyo maana hatuwakusanyi walioshindikana peke yao. Tunakaa mchanganyiko, anayesoma, anayeshinda karakanani, na yule ambaye kila mtu anamwogopa, wote kwenye meza moja ya drafti.

Nikirudi kwa wale wa mwaka wa kwanza wanaouliza: mtakuja? Njooni. Ila tumeacha kutoa fulana na tumeacha kuandika majina siku ya kwanza. Ukija mara ya kwanza unakaa tu na aliyetangulia. Ukija mara nne, mwenyewe bila kukumbushwa, tunaongea. Kila mtu anasema kwa mdomo wake ataondoka lini, maana wote tutaondoka. Kuna TP, kuna likizo ndefu, kuna kuhitimu. Kuondoka kunasamehewa, ila kijana hapaswi kukujua kwa kukusubiri kwenye benchi. Aliyekaribia kuondoka anakuja na atakayebaki, wanakaa wote miezi kadhaa, na Jumamosi ya mwisho inatangazwa mapema na inaliwa pilau. Kwa kuwa mnaniuliza pia kuhusu CV, ndiyo, unaweza kuandika. Mimi bado sijaandika, kila nikitaka kuandika naona zile simu mbili.

Dogo sasa ana miaka 18. Mwaka jana dirisha la QT lilipofunguliwa sikumkumbusha, tulishakubaliana kwamba akitaka atasema. Hakusema. Mwaka huu alikuja mwenyewe na hela mkononi, akaniambia kituo kipo wapi, na alichotaka ni mtu wa kwenda naye kwa sababu foleni inachosha. Tulikaa kwenye foleni saa tatu tukibishana Simba na Yanga. Fundi naye amemwingiza kichwani habari za VETA pale Chang'ombe, kule kurasimisha ujuzi, mtu aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti, na Dogo anahesabu kipi kianze. Sijamwambia kipi kianze. Ulimi umewasha sana, lakini sijamwambia.

Mwezi wa sita namaliza. Dogo anajua, tarehe iko kwenye plaiwudi. Binti wa mwaka wa pili anayenirithi ameshakuja mara sita, na fundi anamwita "mwalimu" kwa heshima ambayo mimi ilinichukua mwaka na nusu kuipata. Juzi Dogo alinitumia picha ya karatasi ya makadirio ya kabati la milango mitatu, mwandiko wake, mistari imenyooka, bei ya kila kitu. Jumla alikuwa amekosea kwa shilingi elfu nne. Nikampigia. Akasema ameshaiona, fundi naye ameiona, wameshairekebisha kabla mteja hajafika, ila alinitumia ile yenye kosa aone kama nasoma au nasifia tu. Kisha akaniambia Jumamosi nifike saa nne badala ya saa tano, kwa sababu mchana wana vitanda viwili vya kupeleka Mbagala na gari la kukodi halisubiri.